Imla ya Kusimama

Rael Jepkosgei alizaliwa kijiji cha Ziwa, kwa wakulima wa mahindi na ng'ombe wachache wa maziwa, akawa mtoto wa kwanza kwao kumaliza kidato cha nne. Mwaka wa 1979 alipewa kazi ya kufundisha bila cheti, kama walivyopewa wengi wakati huo, kwa kuwa shule zilikuwa zimejaa watoto na walimu ni haba. Baada ya miaka mitatu akaenda chuo cha ualimu, akarudi na cheti, akapangiwa shule moja ya msingi iliyopakana na mtaa wa Huruma, mjini Eldoret. Alikodi chumba hapohapo Huruma, nyuma ya karakana ya fundi wa masufuria, akazoea kusahihisha madaftari huku nyundo zikigonga bati ukutani.

Somo lake lilikuwa Kiswahili. Miaka ya kwanza hakuna aliyemwonea wivu. Kiswahili hakikuwa na mtihani wa taifa, na watoto walikichukua kama kipindi cha kupumzikia baada ya hesabu. Mwaka wa 1985 ulipokuja mfumo mpya, Kiswahili kikawa lazima, kikaingia kwenye mtihani wa darasa la nane pamoja na masomo mengine. Ghafla wazazi waliokuwa hawamjui Mwalimu Rael hata kwa sura wakaanza kumsalimia barabarani na kumuuliza mtoto anaendeleaje.

Alikuwa mwalimu wa utaratibu. Karatasi za imla alizifunga kwa uzi, kila wiki fungu lake, akaziweka kwenye katoni chini ya kitanda mpaka mwaka uishe. Imla yenyewe aliisoma kama alivyofundishwa chuoni. Huko waliambiwa kwamba mwalimu wa imla hasimami mahali pamoja. Anatembea, ili watoto wasipate nafasi ya kuibiana majibu. Rael alitembea. Sentensi nne za kwanza alizisoma akiwa mbele karibu na ubao. Kisha alipita katikati ya madawati mpaka dirisha la nyuma, na kwa kuwa pale palikuwa na mwanga mzuri, alisimama akasoma tatu, uso wake ukielekea darasa. Halafu alirudi mbele polepole na kumalizia tatu za mwisho. Baada ya miaka miwili miguu yake ilikwenda yenyewe bila kuambiwa.

Shule ile ilikuwa na desturi moja ambayo watoto waliijua kuliko wimbo wa shule. Kila mwisho wa mwezi darasa lilihamishwa viti kulingana na nambari. Madawati yalikuwa ya watu watatu watatu. Wa kwanza alikaa dawati la kwanza, karibu na meza ya mwalimu, na wa mwisho akakaa dawati la mwisho, chini ya dirisha la nyuma. Mzazi akichungulia mlangoni alijua papo hapo mtoto wake amekuwa wa ngapi. Katika darasa la saba la mwaka wa 1986, dawati la kwanza lilikuwa la Halima, binti wa Mzee Hussein mwenye duka la jumla. Dawati la mwisho lilikuwa la Chepngetich.

Chepngetich alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko wenzake, na alikuwa amesharudia darasa la sita. Mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu. Lakini imla alipata tatu kwa kumi, insha zake zilikuwa mistari mitano, na akiitwa hakuitika. Walimu waliomtangulia Rael walikuwa wameandika kwenye ripoti zake kwamba ana kiburi. Rael naye alimchapa mara mbili muhula wa kwanza kwa kukaa kimya akiulizwa swali, na hakuona vibaya. Kila mwalimu alifanya hivyo.

Mwezi wa Septemba, mwalimu mkuu, Bwana Murunga, aliita mkutano wa walimu. Shule ilikuwa imeshika mkia wilayani katika Kiswahili.

"Nimeamua," alisema. "Mtihani wa Novemba, darasa la saba, yeyote atakayepata chini ya arobaini kwa mia katika Kiswahili hapandi la nane. Anarudia. Sitaki mtu wa kunivutia shule chini."

Habari ilifika Huruma kabla ya walimu kufika. Asubuhi iliyofuata mama yake Chepngetich, aliyekuwa akiuza mboga karibu na stendi, alimsubiri Rael langoni, ndoo ya sukumawiki miguuni.

"Mwalimu, huyu wangu atarudia?"

"Muhula uliopita alipata thelathini na moja, Mama."

"Basi nakuambia mapema usije ukasema nimemficha. Hatarudia. Alirudia la sita, nikanyamaza. Kuna mama mmoja mtaa wa Elgon View anataka yaya kuanzia Januari. Akianguka, anaenda huko. Nina wengine wanne nyuma yake."

Alisema bila hasira, akajitwika ndoo yake akaenda.

Jioni hiyo Rael alivuta katoni kutoka chini ya kitanda. Nia yake ilikuwa ndogo tu: kuona Chepngetich anakosea wapi ili ajue aanzie wapi kumsaidia kabla ya Novemba. Alitoa imla zake kumi na moja za muhula uliopita, akazipanga mezani.

Alichokiona hakukielewa. Mtoto dhaifu huanza vizuri, akachoka, akaharibu mwisho. Chepngetich alikuwa ameharibu mwanzo na mwisho. Sentensi ya kwanza hadi ya nne, maneno mawili matatu na nafasi tupu. Ya nane hadi ya kumi, vivyo hivyo. Lakini ya tano, ya sita na ya saba zilikuwa sahihi, na nukta zake na herufi kubwa zake. Karatasi zote kumi na moja zilikuwa hivyo.

Wazo la kwanza la Rael lilikuwa kwamba anaibia. Akatafuta karatasi za Kiprono, mvulana aliyekaa naye. Kiprono alikuwa amekosea zote tatu. Akatafuta za dawati la mbele yao. Nao walikuwa wamekosea. Hapakuwa na mtu wa kuibiwa.

Alikaa na zile karatasi mpaka fundi wa masufuria akafunga karakana. Ndipo alipojiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza: yeye mwenyewe huwa wapi akisoma sentensi ya tano?

Siku ya pili hakumwambia mtu. Darasa likiwa linanakili zoezi ubaoni, alipita nyuma ya dawati la mwisho, akasimama hatua moja mgongoni kwa Chepngetich, akasema kwa sauti ya kawaida, "Chepngetich, simama."

Msichana aliendelea kuandika. Kiprono akamgusa kwa kiwiko na kuonyesha nyuma kwa kidole. Hapo ndipo alipogeuka, akasimama haraka, macho yakiwa mdomoni kwa mwalimu.

"Kiprono, kwa nini umemgusa?"

"Huwa tunamgusa, Mwalimu. Bila hivyo hajui kama ameitwa."

"Tangu lini?"

Kiprono alimwangalia kama mtu anayeulizwa jina lake. "Tangu darasa la tatu. Yeye ni mpaka akuone."

Watoto hamsini na watano walikuwa wakijua. Hakuna mwalimu aliyewahi kuwauliza.

Wakati wa mapumziko, watoto wakinywa maziwa yao ya pakiti uwanjani, Rael alimkalisha Chepngetich ng'ambo ya meza, uso kwa uso, akamwuliza polepole.

"Ukiwa dirishani uko karibu, nikigeuka nakuona vizuri," msichana alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya ndani. "Ukiwa mbele ni mbali. Halafu unaangalia kitabu. Ukigeukia ubao, hakuna kitu."

"Na gwaride? Ijumaa mnaposema kiapo cha uaminifu kwa taifa, nakuona unasema na wenzako."

"Natazama midomo ya Halima. Nikichelewa kidogo hakuna mtu anajua."

Rael alitaka kumwuliza kuhusu zile fimbo za muhula wa kwanza, akashindwa aanze vipi. Alimwambia tu aende anywe maziwa.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda kwa mama mboga. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakumbuka kwamba Chepngetich alipokuwa na miaka minne aliugua surua vibaya, na baadaye masikio yakatoa usaha mwezi mzima.

"Lakini hapa nyumbani tunaongea naye sawasawa."

"Hapa ni chumba kimoja, Mama. Hata mkitaka kumpa mgongo mtapata wapi nafasi?"

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Na mimi nilikuwa namwambia mwalimu ampige akikataa kujibu. Hata wewe nilikuambia."

"Uliniambia," Rael alisema.

Jumatatu Rael alimtoa Chepngetich dawati la mwisho na kumweka dawati la kwanza. Kwa vile madawati hayakuongezeka, Halima alihamia dawati la tatu. Darasa lilinong'ona kama nyuki. Kabla ya saa saba mchana Mzee Hussein alikuwa mlangoni, kofia kichwani, funguo za duka mkononi.

"Mwalimu, mtoto wangu ameanguka?"

"Hapana, Mzee. Ni wa kwanza bado."

"Wa kwanza anakaa wapi?"

"Dawati la kwanza."

"Sasa mimi nimemwona la tatu. Watu wanapita hapa, Mwalimu. Wananiuliza dukani, Hussein, binti amekuwa wa saba? Niwaambie nini?"

Rael alimweleza kuhusu masikio ya Chepngetich. Mzee Hussein alisikiliza akizungusha funguo. Hakuwa mtu mbaya, ila dawati lile lilikuwa limempa heshima miaka minne. Alimwita Halima nje.

"Wewe kule nyuma unasikia?"

"Nasikia, Baba. Mwalimu ana sauti."

"Na ubao unaona?"

"Naona."

"Basi." Alimgeukia Rael. "Lakini siku ya wazazi arudi mbele. Siku ile moja. Hilo naomba kama mzazi."

"Siku ya wazazi atakuwa mbele."

Wakakubaliana hivyo. Na kweli siku ya wazazi Halima alikaa dawati la kwanza, na Chepngetich akakaa pembeni yake kwenye dawati hilohilo, wakiwa wamebanana wanne palipokuwa pa watatu.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kuliko kuhamisha mtu, kwa kuwa Rael alilazimika kubadilisha mwendo wake mwenyewe. Alichora kwa chaki alama ndogo sakafuni mbele ya dawati la kwanza, mahali ambapo mwanga wa dirisha la pembeni ulimwangukia usoni, akajilazimisha kusimama juu yake. Alisoma sentensi kwanza kimoyomoyo, akashusha kitabu, ndipo akaisema. Alijizuia kuzungumza akiwa anaandika ubaoni. Mara nyingi alisahau, na mara nyingi alikuta miguu imeshampeleka dirisha la nyuma, Chepngetich huko mbele amejigeuza mwili mzima kitini akimtafuta.

Kwa kuwa alishaanza kuangalia, aliona na mengine. Kiprono hakuwa mzembe. Hakuona ubao, na alikuwa akinakili kutoka kwa jirani, makosa ya jirani pamoja. Naye akapelekwa mbele. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeweza kusimulia ng'ombe aliyepotea mpaka darasa zima likanyamaza, lakini akipewa karatasi aliandika mistari miwili. Rael alianza kumwacha asimulie kwanza, kisha aandike yale aliyokwisha kuyasema. Mistari ikawa minane. Hayo yote aliyaandika kwenye daftari lenye jalada la bluu, tarehe na jina, bila maelezo marefu.

Chepngetich alipanda polepole. Msamiati ulikuwa kikwazo, kwa sababu maneno mengi ambayo wenzake walikuwa wameyaokota barabarani na redioni yeye hakuwahi kuyasikia. Walikaa pamoja saa ya chakula, maneno kumi kila siku. Oktoba imla yake ilifika sita kwa kumi.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa Bwana Ogola. Ili pasiwe na upendeleo, mtihani wa Novemba ulisimamiwa na mwalimu wa darasa jingine, na imla ya darasa la saba ilipangiwa Ogola. Alikuwa mtu wa mizaha, mwenye sauti kubwa na masharubu mazito yaliyofunika mdomo wa juu wote mpaka chai yake ilipitia humo kama kwenye chujio.

"Bwana Ogola," Rael alimwambia katika ofisi ya walimu, "nina maombi mawili. La kwanza, siku ya imla usitembee."

"Hilo rahisi. Magoti yenyewe yanauma."

"La pili ni masharubu."

Ofisi nzima iliinua vichwa.

"Masharubu yamekosa nini, Mwalimu?"

"Kuna mtoto anasoma midomo. Kwako hakuna cha kusoma."

"Haya nimeyafuga tangu mwaka wa sabini na mbili. Mke wangu hajawahi kuona kilicho chini yake."

"Ndiyo maana hajakukimbia," mwalimu mmoja wa hesabu alisema, na watu wakacheka. Ogola naye alicheka, lakini hakuahidi kitu.

Asubuhi ya mtihani alikuja na masharubu yake yote. Rael alimwona akivuka uwanja, akageuza uso. Nusu saa kabla ya imla Ogola aliomba mkasi wa somo la ufundi, akasimama mbele ya kioo cha dirisha, akakata masharubu mpaka mdomo ukaonekana. Upande mmoja ulibaki juu kuliko mwingine.

"Yataota," alimwambia Rael akipita. Alisimama kwenye ile alama ya chaki na kusoma sentensi zote kumi bila kuinua mguu.

Chepngetich alipata sita na nusu katika imla. Jumla, na insha na lugha, ilifika arobaini na mbili.

Siku mbili baadaye Bwana Murunga alimwita Rael ofisini. Karatasi ya msichana ilikuwa mezani, na karibu yake ile ya Julai.

"Mwalimu Rael, Julai mtoto huyu alipata tatu katika imla. Sasa sita na nusu. Tena nasikia umemfanyia mazoezi ya peke yake saa ya chakula. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu: zile sentensi uliziona kabla?"

"Sikuziona, Mkubwa. Zilitoka kabatini kwako."

"Ogola amenyoa kwa ajili yake. Hussein alikuja kulalamika. Shule nzima inazunguka mtoto mmoja. Nikimpandisha na watu waseme tumeuza mtihani, barua itakuja kwangu."

"Basi msomee wewe."

"Nini?"

"Chagua sentensi zako. Mimi nitakuwa hapa, sitafungua mdomo."

Murunga alifikiri, akatuma aitwe. Chepngetich alikuja, akapewa karatasi na kiti. Mwalimu mkuu alichukua gazeti la Kiswahili la juzi, akalikunjua mbele ya uso wake, akasoma sentensi ya kwanza kutoka nyuma ya gazeti.

Chepngetich hakuandika. Alilitazama gazeti, kisha akamtazama Rael. Murunga alisoma tena kwa sauti kubwa zaidi, iliyofika mpaka kwa karani chumba cha pili. Kalamu haikusogea.

Rael alikuwa ameahidi kutofungua mdomo, na hakuufungua. Alinyoosha mkono juu ya meza, akalishika gazeti kwa juu, akalishusha mpaka kidevuni kwa mwalimu mkuu.

Murunga alibaki hivyo kidogo, gazeti likiwa chini, akimtazama msichana, na msichana akimtazama mdomo. Kisha akasoma mara ya tatu, kwa sauti ya kawaida, bila kuharakisha. Chepngetich aliinama akaandika.

Alisoma sentensi tano. Baada ya ile ya kwanza alishusha gazeti mwenyewe. Aliipokea karatasi, akavaa miwani, akafuata kila neno kwa ncha ya kalamu. Tatu zilikuwa sahihi. Moja ilikuwa na makosa mawili. Moja, iliyokuwa na majina ya miji ya ng'ambo, ilikuwa imeharibika.

"Hata mimi hiyo nisingeiandika," Murunga alisema, zaidi kwake mwenyewe. Akamwambia Chepngetich arudi darasani. Ilibidi amwambie mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alisema akiwa ameinamia droo akitafuta orodha.

Orodha ilikuwa imeshachapwa kwa taipu, majina ya watakaopanda darasa la nane. Akaandika la Chepngetich chini kabisa kwa mkono, akapiga muhuri pembeni ili asije mtu akasema limechomekwa.

"Mwaka ujao Kiswahili cha la nane ni changu," alisema bila kuinua kichwa. "Anakaa wapi?"

"Dawati la kwanza, Mkubwa, upande wa dirisha."

"Na mimi?"

"Wewe unasimama."

Murunga alifunika kalamu. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na mmoja, yote akitembea. "Nionyeshe hiyo alama ya chaki iko wapi," alisema, na wakatoka pamoja kuelekea darasani.